Kabla ya Kuuliza Wati, Hesabu Omu

Amplifaya nyingi zinazofikishwa kwa mafundi baada ya sherehe hazikuwa na kasoro zilipotoka dukani. Zimeunguzwa na spika. Aliyefunga mitambo hakuona dalili yoyote ya hatari: plagi zimeingia, sauti imetoka, watu wameinuka kucheza. Ikifika saa nne usiku muziki unakatika, unarudi, unakatika tena, halafu inatoka ile harufu ambayo fundi yeyote anaitambua hata akiwa amefumba macho.

Kesho yake mazungumzo kwenye meza ya fundi huwa ni yale yale. "Fundi, transista umenibadilishia juzi tu, mbona zimeungua tena?" Fundi anauliza: "Ulifunga spika ngapi?" Jibu: "Nne tu, kaka. Na zote ni za omu 8, kama amplifaya inavyotaka."

Hapo ndipo penye tatizo. Boksi la spika za ukumbini huwa na matundu mawili mgongoni. Kijana wa mitambo anavuta waya kutoka kwenye amplifaya hadi boksi la kwanza, kutoka la kwanza hadi la pili, la pili hadi la tatu, la tatu hadi la nne. Kwa macho spika zimekaa foleni, moja baada ya nyingine, na ukimwuliza atakwambia ameziunga mfululizo. Fungua boksi uone: yale matundu mawili yameunganishwa moja kwa moja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Tundu la pili ni njia tu ya kuupitisha umeme kwenda mbele. Kwa hiyo spika zote nne zimeungwa sambamba, na spika zinazofanana zikiungwa sambamba unagawa omu zao kwa idadi yake. Nane gawanya kwa nne ni mbili. Amplifaya imeandikiwa mzigo usiopungua omu 4, yeye ameipa omu 2 bila kujua.

Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia mkondo wa umeme. Kadiri namba inavyopungua ndivyo kizuizi kinavyopungua na mkondo unavyozidi. Kila spika inayoongezwa sambamba ni sawa na mlango mwingine unaofunguliwa ukumbini: watu hutoka kwa wingi zaidi. Tuseme amplifaya inatoa volti 40. Kwa spika moja ya omu 8 itapitisha ampea 5, na hizo ni wati 200. Kwa omu 4 ni ampea 10, wati 400. Kwa omu 2 ni ampea 20, wati 800. Volti hazijabadilika hata kidogo, wala kitufe cha sauti hakijaguswa. Kilichobadilika ni mkondo ambao transista, transfoma na nyaya za ndani zinalazimishwa kuubeba, pamoja na joto ambalo hitisinki na feni vinatakiwa kuliondoa.

Ndiyo maana bamba la nyuma la amplifaya husema kitu kama wati 200 kwa omu 8 na wati 330 kwa omu 4, kisha linanyamaza. Kwa hesabu tupu ingefika 400, lakini transfoma imeanza kulemewa na volti zinashuka. Na pale ambapo hakuna namba ya omu 2, usiijaze kwa kubahatisha. Mtengenezaji alijua anachofanya alipoiacha.

Amplifaya za kisasa zina ulinzi: saketi inapima joto na mkondo, ikiona hatari inaitenga spika kwa muda. Ule muziki unaokatika na kurudi ni ulinzi huo ukifanya kazi yake. Nawaomba sana vijana wa mitambo: ikizima mara ya kwanza, punguza spika. Watu wengi huizima na kuiwasha upya, wanaielekezea feni ya mezani, wanaendelea. Ulinzi umewekwa kwa ajili ya ajali, na amplifaya inayoishi ndani ya ulinzi usiku kucha haitafika asubuhi.

Namba iliyoandikwa kwenye spika nayo inahitaji kueleweka. Spika ya omu 8 siyo omu 8 wakati wote. Impidensi yake, yaani kile kizuizi cha mkondo, hupanda na kushuka kulingana na masafa ya sauti. Kwenye besi fulani inaweza kuruka hadi makumi ya omu, kisha ikashuka karibu na 6 juu kidogo ya hapo. Kanuni ya kimataifa inataka isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyoandikwa, yaani omu 6.4 kwa spika ya 8. Ukiweka mita ya kawaida kwenye ncha zake, inapima ukinzani wa waya wa koili peke yake, nayo itasoma kama 5.5 hadi 6.5. Usishtuke, ndiyo afya yake. Ya omu 4 itasoma kama 3.2 hadi 3.6. Ikisoma sifuri kuna shoti. Mita isipocheza kabisa, koili au waya umekatika. Kipimo hiki ni cha nusu dakika, na kila mwenye spika za kukodisha angekifanya kabla ya kupakia gari angeepuka hasara nyingi.

Je, zile spika nne zisaidiweje? Amplifaya ya stirio ina chaneli mbili, hivyo mbili ziende kushoto na mbili kulia; kila chaneli itaona omu 4 na itatulia. Kama chaneli ni moja tu, ziungwe mbili mbili mfululizo, yaani hasi ya moja iingie kwenye chanya ya nyingine, kila jozi iwe omu 16, kisha jozi hizo mbili ziungwe sambamba. Jumla inarudi omu 8. Njia hii inataka spika za aina moja kabisa. Ukichanganya ya omu 4 na ya omu 8 sambamba, ile ya 4 inabeba wati mara mbili ya mwenzake. Ukiziunga mfululizo mambo yanageuka, ya 8 ndiyo inayobeba mara mbili. Kwa hali yoyote kuna moja inayofanya kazi ya wengine.

Kubriji chaneli mbili ili ziwe moja kunadanganya zaidi. Wenye sabufa kubwa wanapenda kufanya hivyo kwa sababu wati huongezeka mno. Lakini kila nusu ya amplifaya huona nusu tu ya omu za spika. Sabufa ya omu 8 kwenye briji ni omu 4 kwa kila upande, na sabufa ya omu 4 ni omu 2. Kwa hiyo amplifaya ambayo mwisho wake ni omu 4 kwa chaneli, ikibrijiwa mwisho wake ni omu 8.

Nyumbani kanuni ni nyepesi. Ukibadilisha spika ndogo za seti ya sabufa, zile za asili zikiwa za omu 4 na wewe ukaweka za omu 8, sauti itapungua kidogo na hakuna kitakachoharibika. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Hii ni kwa amplifaya za transista. Zile za vali, ambazo wapiga gitaa wengine bado wanazipenda, zina tabia tofauti: hazitakiwi kuwashwa na kupigwa bila spika, maana volti kwenye transfoma yake ya kutolea sauti hupaa na kuitoboa.

Hadi hapa nimezungumzia kifo cha amplifaya. Spika ina kifo chake, na chanzo chake kikubwa ni joto.

Spika ya kawaida ya nyumbani hugeuza kama asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti. Za ukumbini zenye ufanisi mzuri hufika asilimia chache. Kilichobaki chote ni joto, nalo linazaliwa ndani ya koili: waya mwembamba uliosokotwa kwenye kijimkebe chepesi na kubandikwa kwa gundi, ukielea katika mwanya mwembamba wa sumaku. Ukiifungua spika iliyounguzwa utaona waya uliokuwa na rangi ya shaba umekuwa mweusi, gundi imelainika, mizunguko imeachana na kuanza kukwaruza sumaku. Mara nyingine kijimkebe kimevimba upande mmoja. Ukiisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili unasikia mkwaruzo kama wa mchanga. Hiyo imekwisha, hata kama bado inatoa sauti.

Kabla ya kufika huko spika huonya, ila onyo lake linaeleweka vibaya. Shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Koili iliyokuwa omu 6, ikipanda joto kwa nyuzi 200, inakuwa karibu omu 10.7. Mkondo unapungua, sauti inapungua. Mwenye kupiga muziki anasikia imefifia, anaongeza. Joto linazidi, sauti inafifia tena, anaongeza tena. Ukiona tangu jioni umekuwa ukipandisha kitufe ili kupata sauti ile ile, spika zinaungua taratibu mbele yako. Shusha, uzipe robo saa.

Kuhusu wati zilizoandikwa kwenye boksi, tuwe wakali. Spika ya kuaminika huandikwa namba tatu: wati za kudumu, ambazo wengi wanaziita RMS, labda 200, wati za muziki, 400, na wati za kilele, 800. Ni spika ile ile moja. Muuzaji atakutajia ya tatu, wewe hesabu kwa ya kwanza. Ama zile namba za maelfu zilizobandikwa kwenye redio za plastiki kwa jina la PMPO, hazina kipimo chochote kinachozishika, na haifai hata kuzilinganisha redio mbili kwa namba hizo. Kwenye redio kama hizo geuza nyuma usome imeandikwa inakula wati ngapi za umeme wa ukutani. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 3,000 za muziki mfululizo.

Wengi hufikiri amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Inaweza, na tuita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ndizo zinazotangulia kufa. Amplifaya ikiombwa volti ambazo haina, hukata vilele vya mawimbi ya sauti na kuyaacha yamekaa bapa. Wimbi lililokatwa kabisa hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini la kimo kile kile, hivyo amplifaya ya wati 100 inaweza kusukuma hadi 200. Lililo baya zaidi ni mgawanyo wa nguvu hiyo. Katika muziki wa kawaida besi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya nguvu, na sauti nyembamba zinabeba kidogo. Tuita hutengenezwa kwa kutegemea hivyo. Besi ikishagonga dari, kila unapoongeza kitufe besi haipandi tena, lakini sauti nyembamba zinaendelea kupanda. Tuita inayostahimili wati chache tu ndani ya boksi lililoandikwa 300 inajikuta inabeba mzigo ambao haukuwa wake. Muziki wenye kasi na ngoma za mfululizo kama singeli, unaopigwa bila pumzi hadi alfajiri, hauiachii hata nafasi ya kupoa.

Kwa hiyo taa nyekundu ya klipu kwenye amplifaya ni ya kuheshimiwa. Ikipepesa mara moja moja kwenye mpigo mzito wa ngoma, sawa. Ikikaa inawaka, shusha. Angalia na miksa pia, kwa sababu sauti inaweza kukatwa huko kabla haijafika kwenye amplifaya, na taa ya amplifaya isionyeshe kitu.

Basi ninunue amplifaya ya wati ngapi? Ninayempa jibu ni mtu mwenye spika za wati 200 za kudumu. Kama mitambo inaendeshwa na mtu makini anayesikia, chukua amplifaya ya 300 hadi 400 kwa omu zile zile, ili vilele vya muziki vipate nafasi. Kama unakodisha na kila wiki anaigusa mtu mwingine, chukua ya 200 na uweke limita ya kuzuia sauti isipite kiwango. Nyumbani usihangaike: kwa mazungumzo ya kawaida ya redio sebuleni, spika inatumia chini ya wati moja.

Na ukitaka sauti kubwa zaidi, kununua wati ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote. Kutoka wati 100 kwenda 200 unapata desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio linalitambua na halilishangilii. Ili watu waseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Soma badala yake kiwango cha ufanisi cha spika, kile kinachoandikwa desibeli kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 96 ikipewa wati 100 inatoa sauti sawa na spika ya desibeli 90 iliyopewa wati 400. Namba hiyo haitajwi dukani Kariakoo wala Luthuli, na kwangu ina thamani kuliko wati zote za kwenye boksi.

Waya nao ni sehemu ya mzigo. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ukienda mita 30 na kurudi mita 30, una ukinzani wa karibu omu 0.7. Kwa spika ya omu 4 karibu asilimia 15 ya nguvu inabaki kwenye waya. Ukitumia ule mwembamba wa milimita mraba 0.5, ni zaidi ya theluthi moja. Sokoni kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu juu. Kwarua nywele moja ya waya kwa kisu, ukiona weupe ndani, ujue ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu ya unene huo huo.

Misikiti, makanisa na shule zinatumia njia nyingine, nako hesabu ya omu inawekwa kando. Amplifaya za matangazo za Ahuja au TOA huwa na safu ya skrubu nyuma: COM, 4, 8, 16, na mwisho 100V. Kwenye laini ya volti 100 kila spika ya honi ina transfoma yake ndogo, na hapo unajumlisha wati tu. Honi tatu za wati 30 ni wati 90. Amplifaya ya 120 inazibeba vizuri na kubakisha akiba. Mkondo ni mdogo, hivyo waya mrefu hadi juu ya mnara haupotezi sana. Hatari iko kwenye kuchanganya. Spika ya omu 8 isiyo na transfoma, ikiungwa kwenye laini hiyo kwa sauti kamili, inaomba wati 1,250. Ama spika yenyewe itaungua mara moja au itaondoka na amplifaya. Tumia pia seti moja tu ya skrubu: ukichagua 100V, zile za omu ziache tupu. Na honi ipunguziwe besi kwenye amplifaya, kwa sababu chini ya masafa yake utando wake hausikiki ila unapigwapigwa bure hadi upasuke.

Usalama wa mwili nao uingie hesabuni. Amplifaya inayotoa wati 2,000 kwa omu 4 ina karibu volti 90 kwenye ncha zake, na laini ya volti 100 jina lake linajieleza. Usiguse ncha hizo muziki ukiwa unapiga, usiache nyaya zilizochunwa kwenye nyasi zenye umande. Plagi za jeki kwenye spika kubwa zingeachwa kabisa: ukiichomoa amplifaya ikiwa inafanya kazi, ncha zake zinaweza kugusana na kupiga shoti. Tumia plagi ya Speakon, inayofunga kwa kuzungusha na shaba yake imefichwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho mteja anatakiwa kukidai anapochukua amplifaya iliyotengenezwa. Transista ya kutolea sauti ikifa kwa shoti, na ulinzi usipoiwahi, spika hupokea mkondo mnyoofu, ule kama wa betri. Koni inasukumwa upande mmoja na kubaki hapo, haitikisiki, haipoi. Volti 30 za namna hiyo kwenye koili ya omu 6 ni wati 150 za joto tupu. Basi kabla spika haijaungwa, fundi aiwashe amplifaya bila muziki, aweke mita kwenye volti za mkondo mnyoofu, aguse ncha za spika za kila chaneli. Milivolti chache hadi 50 ni sawa. Ikisoma volti nzima nzima, irudi mezani. Ikiwa sawa, ianze na spika ya bei ndogo ya omu 8 kwa sauti ya chini, huku mkono ukiwa kwenye hitisinki, kwa dakika kumi hivi. Ikibaki vuguvugu, hapo ndipo uzitoe spika zako kwenye gari.